Bunduki ya Rangi ya Asali

Ijumaa, 1 Machi 2013

Leo nimeshika bunduki! Ya kweli, ila haiui tena. Mdomo wake umezibwa kwa risasi — risasi ya madini, si ya kupiga. (Kiswahili nacho!) Ni ya Mzee Khalfan wa Al Rayyan, ambaye Baba ni dereva wake. Mzee aliachiwa na baba yake. Nyuma ya kifyatulio pana leva. Ukiivuta chini, tumbo la bunduki linafunguka. Lingefunguka, kama si kutu! Mzee anataka kuishika kwenye ngoma ya wanaume, harusi ya mjukuu wake, tarehe 22.

Baba alikuwa seremala Webuye kabla ya kuja huku Uarabuni, kwa hiyo kazi kapewa yeye. Yeye chuma, mimi mbao. Mimi!

Kwenye kitako cha mbao pana alama iliyochongwa kwa kisu: duara na mistari miwili. Nimelaza karatasi hii juu yake, nikasugua penseli. Hiyo hapo chini. Nzuri mno.

Jumamosi, 2 Machi

Naandika nyuma ya ukurasa wa ile alama.

Mama amekuta kitako mezani. Akauliza tangu lini nesi kama yeye akala meza moja na bunduki. Baba: ni mbao tu, Mama Nasimiyu, hata mwiko ni mbao. Mama: basi chukua, kasongee ugali! Nimecheka hadi kwikwi.

Baba kampigia Mzee simu kuuliza rangi. Karudi kifua mbele. "Asali! Anataka asali!" Kiarabu cha Baba ni redio yenye betri zilizokwisha. Yeye hajui, na mimi simwambii.

Ijumaa, 8 Machi

Msasa siku nzima. Weusi wote umetoka upande mmoja, na alama pia. Asali tupu!

Na leva — baada ya wiki nzima ya mafuta ya taa, Baba kaivuta. Klak! Tumerukaruka gerejini kwa Mzee kama watoto.

Jumatano, 13 Machi

Somo la Kiarabu. Mwalimu kaandika neno ubaoni: asli. Kitu kilivyokuwa tangu mwanzo.

Asili! Si asali. Asili!!

Mzee alitaka ibaki kama ilivyo. Mwaka mzima sijainua mkono darasani. Leo nimeinua, nikamwomba mwalimu arudie. Karudia. Bado ni asili.

Nimemwambia Baba. Akasema: "Tutaenda pamoja, mwanangu. Sikio lililokosea ni langu, si lako."

Ijumaa, 15 Machi

Al Rayyan, uani kwa Mzee. Naandika magotini.

Tumesema yote. Baba kwa mikono, mimi kwa Kiarabu cha darasani, macho kwenye zulia. Mzee kapapasa ule upande wa rangi ya asali. Kumbe ile ilikuwa chapa ya ngamia wa baba yake. Ngamia hawapo tena, na chapa haipo popote ila hapo. Hakufoka. Alipapasa tu, akapapasa, pasipo na kitu.

Hapo sauti ikanitoka — yangu! "Ipo! Ninayo!"

Nikafungua shajara. Mzee kaitazama, kaibusu karatasi, kaniita binti yangu. Akaagiza kisu, ataichonga upya kwa mkono wake. Nami nikachana ukurasa, nikampa Baba amshikie. Bila kufikiri.

Bila kufikiri!

Maana sasa Mzee anachonga, na Baba amemwinulia karatasi mbele ya macho. Alama inamtazama Mzee. Nyuma, maandishi yangu yanamtazama Baba. Midomo yake inasoma polepole. Imepita mwiko... imepita asali... imefika kwenye redio.

Mabega yanamtikisika. Ananiangalia. Loo!

Mzee kasimamisha kisu, anauliza pameandikwa nini kinachochekesha hivyo. Na Baba anakohoa, anajiweka sawa. Anataka kumtafsiria.

Kwa Kiarabu chake!