Anayekaa Katikati ya Boti

Jumatano, 26 Novemba 1997

Nimefagia maji ndani ya nyumba kabla ya chai, kama kila siku sasa. Buti hazijakauka tangu wiki jana. Kuni mbichi, moshi mtupu. Nimekunywa hiyo chai ya moshi nikaenda kazini.

Ofisi ya samaki, katika mji ambao watu hawali samaki. Miaka yote hii Garissa nzima inaniita Mzee Kaluun, yaani Mzee Samaki, na wanacheka wakinipita. Siku hizi hawacheki. Mto umevunja kingo, malisho yote ya kusini yamekuwa ziwa, na kila mtu anauliza Mzee Kaluun ana boti gani. Sina. Ile ya mbao ilikwenda na maji.

Leo lori limeleta mbili za aluminiamu, maganda matupu, injini tunayo yetu. Mkubwa amesema nichague moja. Ya pili itapelekwa Wajir barabara ikipitika, yaani Mungu akipenda. Nimepewa hadi Ijumaa. Akaniambia nisikosee, kisha akarudi ndani pakavu.

Dada Zainabu bado yuko kilimani, ng'ambo ya hayo maji, na wakwe zake na mbuzi wao. Shemeji yangu marehemu alikuwa Msomali mfugaji. Alipokufa tulimwita dada arudi kwetu Hola, akakataa, akasema kwao sasa ni kule. Haya. Kifua chake ni kibovu toka zamani na analala juu ya majani yaliyolowa. Sijamwona tangu mvua ianze. Naogopa.

Alhamisi, 27 Novemba

Siku nzima na mabati.

Boti ya kwanza ina tumbo bapa, ubavu mfupi, imeungwa kwa ribiti, vile vijimisumari vya kubana bati. Nyepesi. Kina kidogo chaitosha, itapita juu ya vichaka bila kukwaruza. Ya pili ina tumbo la pembe, kama kifua cha kuku, ubavu mrefu, bati nene, imechomelewa yote. Nzito ajabu. Na ukiingia vibaya inalalia upande.

Nimeziweka juu ya magogo nikazijaza maji kwa ndani, kisha nikajilaza matopeni nikazitazama chini. Ndivyo tunavyofanya kwetu: inayoshika maji ya ndani itazuia ya nje. Ya pembe haikutoa tone. Ya bapa ilitoka jasho kwenye ribiti, kidogo, karibu na pua. Watu walisimama barabarani kumwangalia mzee mzima amelala kwenye tope. Wacha waangalie.

Bare anataka ile bapa. Bare ndiye nahodha wetu. Alikuwa dereva wa lori la ng'ombe mpaka barabara zilipokatika, na boti anaiendesha vilevile, kwa matusi. Anasema bapa imekaa kama ngamia aliyepiga magoti, hata mama mjamzito atapanda. Nikamwambia ngamia hapigwi na mawimbi. Tumebishana mpaka adhuhuri. Mgongo wote unauma.

Ijumaa, 28 Novemba

Baada ya swala nimekwenda ukingoni peke yangu kutazama upepo.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Alasiri upepo ukashuka, na mawimbi yakaanza: mafupi, ya hasira, moja halijaisha la pili limeshafika. Mimi ni mtoto wa Tana na sijawahi kuona Tana ikifanya hivi. Haya si maji ya mto tena. Tumbo bapa litachapwa makofi mpaka ribiti zing'oke. Tumbo la pembe linapasua.

Nimechagua ya pembe. Mkubwa amesema sawa bila kuinua uso. Bare amenuna. Kesho tunafunga injini.

Jumapili, 30 Novemba

Tumefika kilimani kuchukua watu, na nimemwona dada. Amekonda. Alicheka buti zangu, kicheko kikageuka kikohozi, kikakataa kuisha. Nikaangalia pembeni.

Kuhusu boti: inakwenda vizuri sana ikiwa tupu. Sikufikiria watu. Miaka yote nakaa na watu hawa, nimekula harusini kwao na nimekaa matangani kwao, naujua mpangilio, na sikuufikiria. Wanaume walipanda wakakaa upande wa kulia. Wanawake na watoto wakakaa kushoto. Hakuna aliyeambiwa. Ndivyo wanavyokaa kila mahali. Boti ikalala kulia hadi maji yakalamba ukingo.

Bare akazima injini akaniangalia. "Mzee, hii boti yako inataka kulala."

Nikawaambia wachanganyike. Hakuna aliyesogea. Mume hataki mke wake abanane na mwanaume mwingine, na mke mwenyewe hataki. Nikajaribu wanawake mbele na wanaume nyuma: pua ikapaa, maji yakaingia kwa injini. Nikajaribu kinyume: pua ikachimba. Bare akasema tubebe wanawake kwanza, wanaume baadaye. Wanaume wakasema wake zao hawatatangulia kusikojulikana, na wanawake wakasema hawatashuka mjini peke yao. Nikapandwa na hasira. Nilisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hasemi.

Hapo dada akainuka. Akapanda, akakaa katikati kabisa, juu ya mstari wa mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, akatandaza shuka lake kushoto na kulia. Akawaambia wanaume kwa Kisomali chake kile chenye lafudhi ya Kipokomo chetu:

"Nani hapa sikumpokea mimi siku aliyozaliwa? Sogeeni. Hapa mnagusana na mama yenu."

Wakasogea, wakamwegemea mgongo. Wanawake wakasogea kutoka upande wao. Boti ikanyooka. Upepo ulitukuta nusu ya njia na hatukulowa hata magoti.

Jumatatu, 1 Desemba

Nilidhani nimemleta dada mjini, basi. Nimempa kitanda changu. Alfajiri nimemkuta yuko tayari, amejifunga shuka. Anasema wale waliobaki bila yeye watazama. Nikasema wapo wazee wengine wa kike kule. Akasema wote waoga.

Ni kweli pia. Nilikuwa nimeshawauliza jana.

Alhamisi, 4 Desemba

Kwenda na kurudi. Kwenda na unga, kurudi na watu, mbuzi na masufuria. Mbuzi wanakojoa kwenye unga. Miti iliyozama inakwaruza tumbo la boti, na kila mkwaruzo nasali. Bati limebonyea hapa na pale, halijatoboka. Nilichagua vizuri. Najisifu kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu.

Dada anakwenda kila safari. Wakimwona anashuka kwenye tope wanaitana: Ayeyo amefika. Ayeyo ni bibi kwao. Hawapandi mpaka akae. Amekuwa sehemu ya boti, kama injini. Mawimbi yakirusha maji yanamwangukia yeye kwa sababu hana mahali pa kujikinga.

Kikohozi chake kimebadilika. Zamani kilikuwa kikavu.

Abdiya amekataa tena kupanda. Abdiya ni mke mwenza wa dada, yule mdogo, ingawa naye ana mvi sasa. Hawajapatana hata siku moja tangu waolewe. Leo alisimama ukingoni kule akasema hawezi kukaa nyuma ya mtu anayejifanya usukani. Dada akamjibu abaki na nyoka basi. Kisha njia nzima akawa anageuka kumtazama.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna safari. Dada amelala mchana kutwa, na si kawaida yake.

Nimekuwa nikifikiria ile boti bapa. Bado iko uani, lori la Wajir limekwama. Ile hailali, mtu akae kushoto, akae kulia. Haihitaji bibi wa mtu katikati. Tukiondoka mapema tutarudi kabla ya upepo.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemficha dada. Nilimwambia injini imeharibika, leo hatuendi. Kisha Bare na mimi tukafunga injini kwenye ile bapa tukaondoka.

Kwenda, raha tupu. Wanaume kulia, wanawake kushoto, boti kama sakafu. Nikaanza kuimba, mimi. Kurudi, upepo ukaja kabla ya saa zake. Wimbi la kwanza lilipiga tumbo kwa kishindo, kama mtu ametupa gunia la mahindi juu ya bati. La pili vilevile. Meno yaligongana. Ubavu mfupi, maji yakaruka ndani. Kisha nikaona ribiti karibu na pua zinachezacheza, maji yanapenya. Zile zile zilizotoka jasho. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Wanawake walichota maji kwa masufuria. Mama mmoja alishika mtoto kwa meno, nguo yake yaani, ili apate mikono miwili ya kuchotea. Mbuzi mmoja alikwenda na maji, mwenye mimba, tena ni wa Abdiya, ambaye alikuwa amempakia atangulie. Watu wote tumefika. Alhamdulillahi. Nilikaa kwenye tope.

Bare hakunitukana. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumapili, 7 Desemba

Amejua. Mji huu haufichi kitu.

Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja: "Ulichagua boti kwa ajili ya maji, au kwa ajili yangu?"

Akaniambia watoto wale wote amewapokea kwa mikono yake, na mimi ningewafanya chakula cha samaki. Akanigeuzia mgongo. Nina miaka karibu sitini na nilijisikia kama ameninyima chakula.

Nimerudisha injini kwenye ile ya pembe.

Jumatatu, 8 Desemba

Alikwenda. Alikaa katikati. Mimi nilishika turubai juu ya kichwa chake njia nzima mpaka mikono ikafa ganzi, na hatukusemeshana.

Jumatano, 10 Desemba

Homa. Usiku aliongea na mama yetu. Daktari wa zahanati amesikiliza kifua, akanivuta nje, akasema dada akilowa tena, yeye daktari asilaumiwe. Dawa tumepewa. Alale, ale, asiondoke kitandani.

Alfajiri nimemkuta ameketi anatafuta shuka lake. Nilikuwa nimelianika juu ya paa makusudi. Anasema kesho ni safari ya mwisho, wamebaki wachache tu na Abdiya. Nani atakaa katikati? Nikamwambia Mungu atakaa. Akasema Mungu ana kazi zake.

Sijachoka hivi tangu kuzaliwa. Nikifunga macho naona mawimbi.

Alhamisi, 11 Desemba

Maji yameanza kushuka. Vilele vya miti vimetokeza, na matope yake.

Tulimwacha dada na mke wa jirani. Kule kilimani watu wakauliza yuko wapi Ayeyo. Nikasema mgonjwa. Wakapanda. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Boti ikalala. Nilikaa tu kwenye pua, mikono magotini, nikitazama maji yanavyopanda ukingoni. Nikawaza liwalo na liwe.

Abdiya alikuwa wa mwisho. Alisimama akaangalia ile nafasi katikati. Akatukana, sijui alimtukana nani. Akapanda, akaketi juu ya mkuku, akatandaza shuka kushoto na kulia.

"Sogeeni," akasema, kwa sauti ya dada kabisa.

Wakasogea. Boti ikanyooka. Alasiri upepo ulikuja wote, na tumbo la pembe likapasua wimbi baada ya wimbi. Hakuna aliyelowa. Haikuwa safari nzuri tu, ilikuwa bora kuliko zote, kwa sababu Abdiya ni mnene kuliko dada na boti ilimpenda. Bare alimsifu njia nzima. Alisema angempata mapema tungemaliza kazi wiki jana. Mara mbili Abdiya alinyoosha mkono akaweka sawa shuka upande ambao maji yangeingia.

Tulipofika aliuliza nyumba yangu iko wapi. Nikamwambia apumzike kwanza. Akaniambia hakuuliza hilo. Alikuja na kikombe cha maziwa amekifunika kwa mkono, akakiweka nje ya mlango, akaenda zake. Hakutaka kuingia.

Dada alikuwa macho. Homa imeshuka kidogo, jasho jingi. Akaniuliza wamefika wote. Wote, nikasema. Nani alikaa katikati? Abdiya. Akaangalia paa.

"Boti ililala?"

Bare alikuwa mlangoni, tayari amefungua mdomo. Nikamtazama.

"Ililala sana, dada," nikasema. "Tulikaribia kuzama."

Bare alikohoa. Hakuapa, lakini alisema, "Bila wewe, Ayeyo, ni shida tupu."

Dada akafumba macho. Akasema alijua, Abdiya hajawahi kukaa sawasawa mahali popote. Akatabasamu, akajivutia blanketi mpaka kidevuni. Kesho hakuna safari. Keshokutwa pia hakuna.

Nikampa yale maziwa. Aliyanywa yote, akauliza ni ya nani. Nikasema ya jirani.

Nimevua buti nimeziweka karibu na moto.