Mfereji Uliokonda

Jumatatu, 5 Februari 1912
Jua kali. Vuli haikuleta kitu. Mhariri wa gazeti letu kule Tanga anataka habari za reli ya Moshi, lakini hapa Sokon watu wanazungumzia mfereji tu. Mwezi wa Desemba maji yalifika gotini. Leo hayafuniki kifundo cha mguu. Msimamizi wa mfereji ni Sakaya, Mwarusha wa makamo, mpole. Ndiye anayefungua na kuziba, kila nyumba kwa zamu yake. Wazee wanasema anamfungulia mtu kwa siri. Mfereji ukipungua, watu hawa humtafuta mwizi kwanza. Mawingu baadaye.
Sefu, mwenye duka ninapolala, anacheka: "Andika maji yamekwenda Moshi kupanda gari la moshi!"

Jumatano, 7 Februari
Nimepanda na Sakaya hadi chimbuko. Msitu hakuna! Visiki vya mierezi, majivu, mashine ya Mzungu mmoja ya kupasua mbao. Bonde lililokuwa na chemchemi — mawe makavu. Ukungu ulishuka mlimani, ukapita juu ya visiki, ukaenda zake. Hapakuwa na jani la kuushika.
"Hapa nilikuwa nakuja na blanketi hata mchana," Sakaya alisema.
Wanaokata ni vijana wa Sokon wenyewe, wanafanya kazi ili walipe kodi zao. Lerionka, mtoto wa mzee Loishiye, alituinulia shoka kwa salamu.

Alhamisi, 8 Februari
Kikao cha mfereji. Nilieleza nilichokiona, bila kutia chumvi. Loishiye, mkubwa wa kikao, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mswahili, siwezi kumtoza Mzungu kondoo. Sakaya naweza." Wakacheka. Mimi pia, kidogo. Ni jibu la kweli kuliko mengi niliyopewa na wakubwa.
Hukumu: mlango wa maji wa Sakaya umezibwa kwa tope na migomba. Desturi yao ni hivi. Anayekiri hutoa kondoo na chungu cha pombe ya asali, hufunguliwa siku hiyo hiyo. Anayekana hubaki kavu.
Sakaya alikana.

Jumamosi, 10 Februari
Migomba ya Sakaya imelegea, majani yananing'inia kama nguo chakavu. Mkewe, Nosim, ana mtoto mchanga mgongoni na anateka maji mto Themi. Mbali. Shamba likifa hawana kingine.
Walibishana mbele yangu, wala hawakujali.
"Kiri, baba. Kondoo tunaye. Huo ukweli wako tutaupika?"
"Nikikiri, nani tena ataulizia msitu?"
"Kwani sasa nani anauulizia?"
Sakaya alinitazama. Nimeshapeleka habari ya msitu Tanga. Mhariri ataikata ibaki mistari miwili, chini ya bei ya mpira. Sikumwambia.

Jumatatu, 12 Februari
Maji yamepungua tena, ingawa mlango wa Sakaya umezibwa. Hakuna aliyelisema hilo.
Kikao kingine. Naandika hapa hapa, nimekaa pembeni. Sakaya amekuja na kondoo, na chungu, na majani mabichi mkononi — ndivyo wanavyoomba msamaha. Amesema, "Nilifungulia." Neno moja tu. Watu wamepumua. Loishiye ameyapokea majani kwa mikono miwili, karibu afurahi. Nosim ameshafungua kitambaa kumnyonyesha mtoto. Nilidhani yamekwisha.
Ndipo Loishiye akauliza, kwa upole kabisa: "Ulimfungulia nani?"
Sakaya hakuwa amelifikiria hilo. Wala Nosim. Wala mimi, na kazi yangu ni kuuliza! Aliyepokea maji ya wizi naye huzibiwa mlango. Wote wenye milango ya maji wapo hapa, wamekaa majanini.
"Mtaje, mwanangu. Maji hayakuchukuliwa na upepo."
Meitamei, jirani wa Sakaya upande wa chini wa mfereji, ameacha kutafuna tumbaku. Mwenzake anamtania, "Migomba yako lakini ya kijani, eh!" Hakuna anayecheka. Kila mtu sasa anapima kwa macho shamba la mwenzake. Nosim anatikisa kichwa, polepole, kumkataza mumewe — au kumhimiza, siwezi kujua.
Sakaya ameinua macho. Anapitia nyuso, moja baada ya nyingine. Amefika kwa Meitamei. Macho yake yamesimama hapo —