Spika Aliyepiga Goti

Mchikichini, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga goti kweli, maana hapa ninapoandikia hakuna kiti, na meza yangu ni belo la mitumba. Mgongo unasemaje na baridi ya Mbinga? Mama bado anakuficha tumbaku? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu sikupiga simu. Jambo hili likisemwa harakaharaka nitaonekana mtoto asiyelelewa.

Huenda Baba Mdogo ameshakupigia, akakwambia nimemvunjia heshima mbele ya watu. Naomba unisikilize na mimi.

Unajua tuko kumi na wawili tunaonunua mabelo kwa pamoja, mdogo wako akiwa mwenyekiti na mimi katibu. Desturi yetu ni kwamba belo linafunguliwa wote tukiwepo, tunachota vikaratasi vya namba kwenye kopo, kisha kila mtu anachagua nguo kwa zamu yake. Ukipata namba ndogo una bahati, ukipata kubwa utaambulia soksi. Lakini tangu masika yaanze, Baba Mdogo akawa anafungua peke yake asubuhi, anatoa mashati mazuri, ndipo anatuita. Ukiuliza, anasema, "Mwenyekiti ana majukumu. Nani anawapigania hapa sokoni?" Tukafyata mkia. Mimi nalala kwake, nakula kwake, ningesema nini?

Mwezi uliopita nilichota namba kumi na moja, nikaambulia koti zito la kutoka Uingereza. Koti, Dar hii! Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikakukumbuka wewe. Nilipopekua mifuko nikakuta karatasi yenye picha: mzee amepiga goti mbele ya bwana mwenye ndevu zilizochongoka, na nyuma yao askari wamejaa mlangoni. Kwetu cha mfukoni ni cha mwenye nguo, kwa hiyo nikakitunza.

Jumamosi akaja Mwalimu Hansa, mama wa Kihindi wa Upanga aliyefundisha historia mpaka akastaafu. Huwa anakuja kwangu kutafuta magauni ya wajukuu. Nilipomwonyesha ile picha alikaa juu ya belo, magauni akayasahau.

"Huyu wa ndevu ni mfalme wa Uingereza, karibu miaka mia nne sasa," akasema. "Alikuwa anatoza watu kodi bila kuliuliza Bunge. Wabunge wakambishia. Siku moja akaingia bungeni mwenyewe na askari, awakamate watano. Akakuta wameshatoroka. Akamuuliza Spika, wako wapi?"

"Na huyu mpiga goti?"

"Ndiye Spika mwenyewe. Akamwambia mfalme kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, mpaka Bunge limtume."

Miaka yote nilidhani anayemkatalia mkubwa lazima asimame, akunje uso, apandishe sauti. Kumbe mtu anaweza kupiga goti vilevile mlivyotufundisha nyumbani, na bado asimsaliti mwenzake. Mwalimu akaniambia mfalme aliondoka mikono mitupu, vita vikaja, na mwishowe alikatwa kichwa. Hapo pa kichwa nikamwambia, "Mwalimu, ishia hapohapo, huyu mfalme wa kwetu ni baba yangu mdogo." Tukacheka. Akaongeza kuwa hata leo wafalme wao hawakanyagi ukumbi ule, na mjumbe wa mfalme akija wanambamizia mlango kwanza, mpaka abishe hodi. Nilimaliza siku nzima nikiwaza mlango huo.

Wiki mbili baadaye wenzetu watatu walinikabidhi barua niisome kikaoni, isiyo na majina, wakiomba belo lisiguswe kabla ya kuchota vikaratasi. Nilipoanza kuisoma, Baba Mdogo akaingia na wapagazi wawili.

"Fausta, ni kina nani wameandika? Nitajie. Leo hii meza zao zinaondoka."

Nikapiga goti palepale vumbini.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nyumbani mimi ni mtoto wako, niulize lolote. Hapa mimi ni katibu. Kikao hakijanituma kukutajia mtu."

"Unanijibu hivyo mimi? Mimi niliyekuleta mjini?"

Wapagazi wakatazama viatu vyao. Aligeuka akaondoka, na jioni nilikuta begi langu limewekwa kibarazani. Sasa nalala kwa Mama Zuhura, anayeuza nguo za watoto meza ya pili kutoka kwangu. Nililia sana, sikufichi.

Jumanne belo jipya likaja, na kamba zake hazikuwa zimeguswa. Baba Mdogo alisimama pembeni, mikono nyuma. Kopo lilipozunguka likamfikia, nikaona anaingiza mkono kama sisi. Namba tisa. Baba, yule mtu alisubiri watu wanane wachague! Kisha akasema, bila kunitazama, "Katibu, andika. Namba tisa, mashati mawili." Alikuwa hajawahi kuniita katibu. Nikaandika. Lakini shikamoo yangu hajaiitikia mpaka leo.

Najua wewe ni kaka yake, ukinena atanirudisha. Nakusihi usimwamrishe. Tutakuwa tumebadilisha mfalme tu. Muulize kama mtu na mdogo wake, na akikataa, nitasubiri.

Mama mwambie namwota kila wiki. Bibi mzaa baba nampigia goti la pekee. Dada aliyejifungua ampakate mtoto kwa niaba yangu, na shemeji, mume wake, apunguze pombe.

Koti analileta shangazi, likukinge na baridi ya msimu wa kuvuna kahawa. Kabla hujamjibu Baba Mdogo, tia mkono mfuko wa ndani, wa kushoto. Huyo mzee utakayemkuta humo hakumvunjia mtu heshima, na mwanao pia hakuvunja.

Mtoto wako,
Fausta