Unyoya Kwenye Nyayo za Mama

Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Leo naandika yote, hata yale ambayo mama asingependa niyaseme.

Asubuhi alirudi akiimba kutoka jogging ya wanawake wa mtaa wetu, hapa Mbagala. Alipovua raba, soksi ilikuwa na damu. Ndani ya raba kulikuwa na kizibo cha soda. Alikimbia nacho njia nzima bila kukisikia, maana sukari imemtia ganzi nyayoni. Na kile kidonda cha mwezi uliopita ndiyo kwanza kimepona!

"Dada, acha mbio, utakuja kukatwa mguu," alisema mama mdogo.

"Nikikaa, sukari itapanda. Wewe hata mvua huikimbii, utanifundisha nini?"

Nilimwosha, nikamfunga kidonda. Kisha nikataka kujua ganzi inaishia wapi. Nikamfunika macho kwa kanga, nikaanza kumgusa nyayo kwa unyoya wa kuku. Nilipogusa kisigino, alisema, "Nimesikia." Kwenye vidole alinyamaza. Nikauweka unyoya mapajani pangu, nikawa nafikiri niguse wapi tena.

"Nimesikia!" akasema. "Umeona? Jumapili ijayo nakimbia."

Sikumwambia kwamba wakati huo sikuwa nimemgusa. Naogopa. Kuanzia sasa nitaingiza mkono kwenye raba zake kabla hajazivaa.

Kesho namsindikiza kliniki. Nitamuuliza nesi, na sitaondoka bila jibu: mguu wenye ganzi unaweza kusikia kitu ambacho hakipo, au mama ananidanganya ili nisimzuie?