Lami ya Ndoo ya Nyumbani

Mbeya,
14 Septemba 1956

Kwa kaka yangu Mrisho bin Jaha, Iringa,

Assalaam aleikum. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, moyo ndio haujatulia. Wifi hajambo? Mgongo wake umepoa? Na mama, bado anakohoa asubuhi? Huku baridi imeanza kupungua, na mpwa wako Mwanakhamisi ameota jino la pili, anamng'ata kila anayembeba. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, nivumilie. Leo umezidi kupinda kwa sababu ya hasira.

Kaka, lile pikapu kuukuu la kutoka Ulaya ulilotuuzia limekatika.

Nasema limekatika, sisemi limeharibika. Jumanne ya wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Chunya, mume wangu Halfani, mimi na mtoto, na magunia manne tu ya karanga nyuma. Tangu asubuhi mlango wa upande wangu ulikataa kufunga, Halfani akaufunga kwa kamba. Tulipokuwa mlimani nikasikia mlio chini ya miguu, kiti kikazama, kamba ikakatika, mlango ukafunguka wenyewe. Shali ya mtoto iliruka ikaenda bondeni. Mtoto nilimdaka mguu. Mguu mmoja, kaka. Alama za vidole vyangu zilikaa siku tano.

Gari lilivutwa na ng'ombe mpaka mjini. Fundi Asukile, Mnyakyusa mmoja wa maneno mengi, akaingia chini na bisibisi. Akachoma chasisi, ule mfupa mrefu unaobeba gari zima, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akacheka, akamwambia Halfani kwamba gari hili lilikuwa linashikiliwa na rangi na dua zetu. Kisha akakwangua lami, akakuta bati la debe limefunika tundu la kutu linalopitisha ngumi. Akaligeuza geuza lile bati, akasema, "Aliyekunja hili ana mkono mzuri. Roho yake ndiyo siijui."

Mimi naijua. Ukingo ulikunjwa mara mbili ukagongwa kwa ndani, vile vile alivyotufundisha marehemu baba kwenye kibanda chake cha kuziba ndoo. Umesahau alivyokuchapa ulipoziba ndoo ya mteja kwa lami? Alisema ndoo ya mteja huzibwa kwa risasi ya kuyeyusha. Lami ni ya ndoo ya nyumbani, maana hiyo ikivuja tunalowa wenyewe. Sasa mimi kwako ni mteja au ni wa nyumbani? Nimejiuliza siku zote hizi, na majibu yote mawili yananitia uchungu.

Kinachoniunguza zaidi ni Halfani. Anaamini ni yeye aliyelivunja, kwa kulipakia mizigo. Kila jioni ananiomba msamaha, mimi, na ule mguu wa mtoto anaushika kama yai. Nawe juzi ulimtuma dereva wa basi atuulize kama gari linatupa heshima mjini. Una uso gani, kaka?

Sasa sikiliza la kwangu, ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya kununua, nyinyi mlipokuwa mnakunywa kahawa, nilikaa kwenye kivuli cha gari kumnyonyesha mtoto. Nikasikia harufu ya lami mbichi. Nikapeleka mkono chini, kidole kikatoka cheusi. Nilijua, kaka. Nikakifuta kwenye kanga, na doa lipo mpaka leo. Halfani alipokuja kuniuliza, "Mama Mwanakhamisi, tulichukue?" nikamjibu, "Kaka yangu hawezi kunidanganya." Niliona haya kukuumbua mbele ya mume wangu, nikampakia mwanangu juu ya kutu.

Basi sitaki uturudishie kitu. Nataka uje Mbeya na mtungi wako wa gesi na chuma kipya, uichomelee chasisi hiyo mchana kweupe, Asukile akiangalia. Halafu ule kwetu na ulale kwetu. Chumba nimeshakifagia.

Nibusie mama mkono, nisalimie wifi na watoto wote. Anwani juu ya bahasha ataiandika Halfani, maana mwandiko wangu posta hawausomi. Nitampa barua hii bila kuifunga. Ikikufikia, ujue ameisoma, na bado ameituma.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanahawa binti Jaha