Kikosi Kiliondoka Bila Wewe

Evodi, rafiki yangu,

Mvua zimeanza Igurwa, na kaburi lako limetitia upande wa kichwani. Jana nilijazia udongo kwa mkono mmoja. Mama yako alisimama kwenye migomba akinitazama, akaniuliza kama huko chini unalowana. Nikaendelea kushindilia udongo.

Uliitwa timu ya taifa ya raga, wewe bodaboda wa Murongo. Mchezo wenyewe ulijifunza kwa vijana wa ng'ambo, Uganda, ukarudi na ule mpira wa umbo la yai umeufunga nyuma ya pikipiki, ukatufundisha sisi. Wazee walicheka: "Hawa wanacheza au wanakamata mbuzi?" Jina lako lilipotoka kwenye kikosi, wazee haohao walileta rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba yako alikunywa huku analia.

Siku moja kabla ya safari ulisema unampeleka abiria wa mwisho mpakani, kisha urudi ufunge begi. Barabara ilikuwa na utelezi. Lori lilikukuta kwenye kona.

Yaliyofuata huyajui. Tulipomaliza matanga, kikosi kikiwa kimeshatangulia kambini, kocha wa taifa, uliyewahi kumtajia jina langu, alinipigia simu. Alitaka mtu wa kuziba nafasi yako, winga mwenye mbio. Nilikataa. Mama yako ndiye aliyesema, "Nenda, mwanangu. Nguo ya mwenzako isivaliwe na mgeni."

Nikaenda.

Evodi, niliivaa ile jezi uliyopangiwa. Nilidhani nitakuhisi. Ilikuwa nguo tu, ikinibana mabegani. Wenzetu kambini walikuwa watu wema. Nahodha aliomba tusimame kimya kwa ajili yako.

Kwenye mechi mpira ulinifikia mara moja tu nikiwa na njia nyeupe mbele yangu. Wewe ungefika. Mimi niligeuka kutazama nyuma, kwa sababu miaka yote nyuma yangu ulikuwa wewe, ukiita, "Deo, achia, nipo." Hapakuwa na mtu. Wakanikaba wawili, bega likatoka. Nililala pale kwenye nyasi nikisikia wenzangu wanashindwa, wala sikutaka kuinuka.

Bega halijapona. Daktari amesema raga basi. Hata mkungu wa ndizi sibebi upande huo. Ule uwanja wetu wenye shamba wameupanda maharage, na siwalaumu, nani angeucheza? Vijana uliowafundisha wametawanyika, wengine machimboni, wengine hatujui waliko. Mpira ulipasuka. Hakuna aliyejali kuuziba.

Niliporudi kutoka kambini nilikwenda kwanza kwa mama yako. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Umemchezea vizuri?" Nikasema ndiyo. Alikuwa anaona jinsi nilivyolishika bega. Akanipakulia matoke, tukala, hakuuliza tena.

Watu wananiambia nitazoea. Pengine. Asubuhi bado nikisikia pikipiki inapanda mlima nanyoosha shingo, halafu inapita.

Pumzika, Evodi. Sina ushindi wa kukuahidi, na kikosi kingine hapa kijijini sitakiunda. Nguvu hizo ulikuwa nazo wewe. Ninachoahidi ni hiki: jioni nitakuwa napita kwa mama yako, nikae naye jikoni mpaka moto uzime. Tukikosa la kusema, tutanyamaza pamoja.

Mwenzako,
Deo