Uvimbe Niliowasingizia Nyuki

Hospitalini, Dar es Salaam

Mdogo wangu Kalunde,

Marahaba. Najua bado hujanisalimu, lakini mimi mkubwa nimepokea mapema. U mzima? Magoti bado yanakusumbua kwenye ngazi za kanisa? Na wateja wako wa asali hapo Kanyenye, Tabora, bado wanaonja nusu chupa ndipo waseme haina utamu?

Mimi huku nimekuwa mtu mkubwa. Madaktari wa Dar wameniita niwafundishe habari za nyuki. Nalala kitanda chenye magurudumu, naletewa chai, na binti aliyevaa nyeupe ananishika mkono kila asubuhi.

Uongo, Kalunde. Kitanda ni cha wodi, na binti ni nesi anayetafuta mshipa. Hata wifi yako nilimuaga kwamba nafuata soko la asali. Naumwa saratani ya titi. Ndiyo, titi, na ndevu zangu hizi. Cheka kwanza, ukimaliza uendelee kusoma. Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka muuza mkaa anaitikia salamu.

Kilianza kama kidonge karibu na chuchu ya kushoto, msimu wa kurina asali kule porini Sikonge. Nikasema nyuki kaniuma. Nikabandika nta, nikawa navaa mashati mawili, nikaacha kuoga mtoni na wenzangu. Chuchu ilipoingia ndani na kuanza kutoa majimaji, ndipo nikapanda treni.

Kliniki imejaa akina mama peke yao. Karani akaniuliza, "Babu, mgonjwa yuko wapi?"

"Anakuja," nikasema, nikakaa. Mpaka akaita jina langu, ikabidi nisimame. Mama mmoja wa Kizaramo, mtani wetu, akapiga makofi: "Wanyamwezi nyie! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka pwani, wewe mwenzao umeona ubebe kifuani!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi ninayewachekesha watu hata msibani, safari hii nikachekwa mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Daktari ni binti, sawa na mjukuu wangu. Akasema, "Mzee, mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Juu ya kila seli ya titi kuna protini ambazo kazi yake ni kuishika seli jirani, isibanduke."

"Kama nyuki wanavyoning'inia mzingani wameshikana miguu."

"Haswa. Saratani ikizipoteza protini hizo, seli zinaachiana. Moja inaondoka, inafuata damu, inakwenda kuota mapafuni au kwenye mfupa. Hapo ndipo saratani inakuwa kali."

"Na zangu?"

Akanieleza kwamba walikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, wakakitia rangi inayoonyesha protini hizo. Palipo na kushikana, rangi hukolea. "Yako imekolea sehemu, sehemu nyingine imefifia kabisa. Kipimo hicho peke yake hakitoi hukumu, lakini na tezi la kwapani tumelikuta limeshaingiwa na saratani. Ungekuja mapema, mzee."

"Nilidhani nyuki."

"Nyuki? Mrina asali mzima?"

Uvimbe wa nyuki naujua tangu utoto, Kalunde. Unashuka upesi. Huu ulikaa mpaka msimu wa pili. "Niliona aibu," nikamwambia, na kulisema hilo kuliniuma kuliko sindano yao.

Watalikata titi, kisha dawa. Hawajaniahidi kitu. Halafu akaniuliza, "Una dada?" Nikasema ninaye, mkaidi. "Mwanaume akipata ugonjwa huu, huenda upo kwenye damu ya ukoo. Dada yako apimwe, na binti zake."

Nilitaka kukuandikia "nenda kapimwe" bila kujitaja. Lakini nakujua, ungeuliza kwa nini, halafu ungebaki umekaa. Wewe uliyemwambia daktari wa macho ageukie ukutani ndipo uvue miwani!

Wifi yako nimemwandikia barua yake, kaa naye akiisoma. Msalimie binti yako mshonaji, na fundi baiskeli jirani yako. Mwambie baiskeli yangu asiiazime kwa mtu. Mchungaji mwambie naumwa. Akiuliza naumwa nini, mwambie tu. Nimechoka kuvaa mashati mawili.

Sasa kumbuka siku ya jino lako pale zahanati ya misheni. Ulikataa kuingia mpaka niingie nawe. Nikakupa mkono ushike, wewe ukaung'ata; alama ipo kwenye dole gumba, nimemwonyesha nesi. Ulitoka shavu limevimba ukasema, "Kaka, siku ukitaka kitu nitakufanyia, hata kiwe cha kipuuzi."

Sijawahi kudai. Leo nadai. Panda bajaji na binti yako, nendeni hospitali, mvue hizo blauzi. Ukiogopa, shika mkono wake. Ila usimng'ate.

Kaka yako,
Nkwabi